Utepe wa Kaniki

Hapo zamani, wakati miguu ya watu ndiyo iliyokuwa barua, palikuwa na mji mmoja wa wakimbiaji kule Unyamwezi. Walipeleka maneno ya mtemi wao kwa watemi wengine, siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Walirudi hoi, miguu imekakamaa, na kabla hata ya kula walikwenda kwa Kalunde.

Kalunde alikuwa mkandaji. Alipasha moto mafuta ya ufuta, akayajaribu kwanza kwenye mkono wake, kisha akachua kutoka kifundoni kwenda juu, taratibu, mpaka fundo la msuli liachie na damu ipite. Aliyeingia akichechemea alitoka akitembea. Aliyekosa usingizi kwa maumivu alikoroma palepale mkekani. Bila mikono ile, mtemi angekuwa na wakimbiaji wa msimu mmoja tu.

Lakini sikilizeni hili. Mji mzima uliguswa na Kalunde, na hakuna hata mmoja aliyemgusa Kalunde. Alikuwa mjane wa miaka tisa, hana mtoto, na hodi pekee aliyopigiwa ilikuwa ya mwenye maumivu. Wakishapona walisema ahsante mlangoni, wakaenda zao. Upweke ule ulimuuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Kazi yake ilikuwa na mwiko. Mkandaji hushika mguu wa mtu mmoja mpaka upone. Mwenye zamu hufungwa kifundoni utepe wa kaniki, kile kitambaa cheusi, na utepe usipofunguliwa, mwingine halali kwenye mkeka. Walisema mikono ikishika wagonjwa wawili huwasahau wote wawili.

Mwaka mmoja zamu ikawa ya Msabila, mkimbiaji wa miaka thelathini, mgeni wa mji, hana mke wala ndugu. Alikuwa ameteguka kifundo njiani. Kila asubuhi alikuja, akalala mkekani, akachuliwa huku akisimulia mito aliyovuka na fisi waliomfukuza, wengine bila shaka wa kubuni. Kalunde akacheka, na kicheko chake kikamshangaza mwenyewe.

Mwezi ukaisha. Asubuhi moja vidole vya Kalunde vilipita juu ya mguu ule visikute kitu. Ulikuwa umepona, na vidole vyake havikuwahi kukosea.

"Unauma?" akauliza.

Msabila, ambaye jana yake alikuwa amekimbia mpaka mtoni na kurudi bila kuonwa na mtu, akasema, "Bado kidogo, mama."

"Hata mimi naona bado kidogo," akasema Kalunde.

Kesho yake, bado kidogo. Keshokutwa, bado kidogo.

Ndipo akaja Limbu. Huyu alikuwa na mbio kuliko wote, na mashindano ya mtemi yalikuwa yamebakiza siku kumi. Mshindi ndiye angekuwa mjumbe mkuu, na Limbu alikuwa akiitamani kazi hiyo tangu utoto. Nyuma ya paja lake palikuwa na fundo gumu. Siku tano za mafuta ya moto zingeliyeyusha. Akasimama mlangoni, akaiona kaniki kwenye kifundo cha Msabila.

Kalunde akamuuliza kama anaumia sana. Lakini mkimbiaji akiungama maumivu karibu na mashindano, huondolewa. "Si kitu," akasema Limbu. "Ni uchovu tu. Nitasubiri zamu yangu."

Akaja siku ya nne, akaikuta kaniki. Si kitu, akasema. Akaja siku ya nane, akaikuta kaniki. Si kitu. Msabila akatazama ukuta, Kalunde akatazama mafuta.

Siku ya mashindano Limbu aliwaacha wote nyuma. Alipokaribia mwisho msuli ukakatika, akaanguka, na waliokuwa nyuma wakampita. Msabila akajisahau, akambeba Limbu mgongoni, akatimka naye mpaka kwa Kalunde, na mji mzima ukamwona anavyokimbia, kaniki ikipepea kifundoni.

Kalunde akaushika mguu wa Limbu kwa muda mrefu. Akasema atatembea akichuliwa mwaka mzima, ila kukimbia hatakimbia tena.

Mtemi akaitisha baraza, akawasimamisha wote watatu, maana kila mmoja alikuwa ameficha ukweli. Adhabu ya mji ule ilijulikana: mwenye kosa hukaa mwaka mmoja kwenye kibanda cha kulinda mtama, mbali na watu, na hatembelewi na yeyote.

Limbu akasema, "Nilikuja mara tatu. Niliheshimu zamu. Na mguu uliokufa ni wangu, si wao."

Msabila akasema, "Mimi si mkandaji, wa kufungua utepe ni yeye. Nilisema bado kidogo kwa sababu tangu mama yangu azikwe hakuna mkono mwingine ulionishika. Lakini Limbu angetamka kwamba anaumia, ningeinuka siku ileile."

Kalunde akasema, "Mzima aliniambia anaumia. Mgonjwa aliniambia si kitu. Mtemi, ningemsikiliza nani?"

"Mikono yako ilikwambia nini?" akauliza mtemi.

Kalunde akajibu, "Ilijua. Ila ningeufungua ule utepe, asubuhi yake Msabila asingekuja."

Baraza likaanza kupima. Akipelekwa Kalunde, nani atamchua Limbu mpaka atembee? Akipelekwa Limbu, ataburuta mguu ule peke yake kondeni. Akipelekwa Msabila, anarudi kulekule alikotoka, kwenye kutokuwa na mtu. Kalunde akapiga magoti mbele ya Msabila na kuufungua utepe. Fundo lilikuwa limekaza, likamchukua muda, na Msabila hakuuvuta mguu wake.

Nanyi mlionisikiliza, baraza sasa ni lenu. Je, nani alistahili kwenda kukaa mwaka mzima pasipo mkono wa mtu?