Mkanda wa Harusi ya Atuganile

Wapendwa, nani bado ana mkanda wa harusi kabatini, ule mweusi wa kuingiza kwenye deki? Naona mnacheka. Siku zile ukoo mzima ulikaa sakafuni kuangalia harusi ya mtu mmoja, na shangazi akijiona anacheza, anaficha uso kwa khanga. Jamani, nazikumbuka siku zile mpaka roho inauma.

Basi, mzee mmoja wa Tukuyu alifiwa na mkewe, Atuganile. Video yake ilikuwa moja tu, ya harusi yao, nayo ilikuwa imepauka. Watoto wakaipeleka kimyakimya kwa fundi wa video mjini, ili wamshtukize baba siku ya kumbukumbu ya mama.

Fundi yule anajua kazi. Kwenye kompyuta yake kuna mchoro unaitwa histogramu: vilima vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, vinavyoonyesha kila rangi imekaa gizani au kwenye mwanga. Akaona kilima cha buluu kimelala gizani, picha nzima ina unjano. Akajisemea kwamba mkanda umechakaa, maana gauni la bibi harusi huwa jeupe. Akaisukuma buluu mpaka vilima vikakutana. Gauni likawa jeupe pe. Watoto walifurahi sana.

Siku ikafika. Mzee akawekwa kiti cha mbele, akafuta miwani. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, baba."

"Mke wangu hakuwa na uso wa majivu. Wala hakuvaa nyeupe. Mama yake hakutaka aolewe akiwa amevaa gauni la kuazima, akashusha mapazia yake ya sebuleni, ya manjano, akamshonea. Alipoingia kanisani nilisahau hata jina langu."

Akalia yule mzee. Watoto hawakuwahi kuisikia habari hiyo.

Wakamwita fundi, akaja na kompyuta yake, akamwamkia mzee, akamuuliza ilikuwa manjano ya namna gani, kwa sababu mkanda ulikuwa umepauka kweli na mchoro haukuweza kumwambia. Mzee akaelekeza: punguza, ongeza kidogo, hapo hapo. Uso wa Atuganile ukarudi.

Sasa nisikilizeni. Ingekuwaje kama mzee naye tungekuwa tumemzika mwaka jana? Wajukuu wangesimuliwa gauni jeupe, na bibi yao wa kweli angekuwa amepotea. Aliyemjua alikuwa chumba cha pili anasubiri chai, na hakuna aliyemuuliza.

Sisi je? Tunasema tunawaheshimu baba na mama. Tunawanunulia blanketi, tunapiga nao picha Krismasi. Ni lini ulimuuliza mama yako alivaa nini siku alipoolewa? Wewe pale nyuma unatikisa kichwa, na mama yako amekaa benchi la tatu. Ibada ikiisha, usikimbilie kupika. Kaa naye. Muulize, halafu umwache amalize.