Nani Aliizima Kompyuta ya Kidawa?

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani ya juzijuzi tu, watu wameshaanza kununiana hata kwenye simu, palikuwa na nyumba moja mjini Tanga, na ndani ya nyumba hiyo palikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani. Kaeni vizuri. Hadithi hii inaniudhi kila ninapoisimulia, na leo nataka iwaudhi na ninyi.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Mama alikuwa Bi Mwanjaa, mjane, hodari wa kufuma vitambaa. Hakuna kitu kilichokaa kimya ndani ya nyumba ile kikapona: redio ina kitambaa chake, friji ina chake, kila kochi lina chake. Mwanawe wa kwanza, Hemedi, alikuwa kapokea ukubwa wa nyumba tangu baba yao afariki, na pamoja na ukubwa akapokea maradhi ya kujua kila kitu. Wa mwisho alikuwa Kidawa, binti wa kukaanga sambusa asubuhi na kucheza gemu ya mpira jioni. Na alikuwa akiicheza haswa! Vijana wa mtaani aliwafunga mpaka wakaacha kuja, wakisingizia kazi.

Sasa likatangazwa shindano. Kila mtu anacheza kwake, kwa intaneti, na mshindi anapewa nafasi katika timu Dar es Salaam, akae huko, kazi yake iwe kucheza. Kidawa hakuwahi kutaka kitu duniani kama alivyoitaka nafasi ile. Alikuwa akikaanga sambusa huku akiiwaza, mpaka sambusa zinaungua.

Lakini kompyuta ilikuwa imechoka. Mpira ukipigwa leo, unafika golini kesho. Basi wakakaa kikao.

Kidawa akasema, "Tununue mpya."

Hemedi akasema, "Mpya ya nini? Hii tuibadilishe matumbo tu."

Bi Mwanjaa akasema, "Iacheni. Inawaka? Inawaka. Mnataka nini tena?"

Akasema Kidawa mpya, akasema Hemedi matumbo, akasema mama iacheni, na mwisho likapita la Hemedi kwa sababu ndiye mwenye sauti nene. Akasafiri hadi Dar, akarudi na kadi ya picha, ile inayoifanya gemu iende mbio bila kukwama. Muuzaji alimwambia wazi, na Kidawa alikuwepo kwenye simu akisikia: "Kaka, kadi hii inakula umeme. Pawa saplai yako ya zamani haitaiweza. Chukua na mpya."

Hemedi akacheka. "Pawa saplai kazi yake kupitisha umeme. Mbona umeme unapita?"

Akaifunga kadi, akaacha pawa saplai ileile ya enzi za marehemu baba. Huyo ndiye Hemedi. Msicheke, kila ukoo una wake.

Kompyuta ikawaka, na mpira ukakimbia kama mpira. Kidawa alimkumbatia kaka yake huku akilia. Ila kadi ile ilikuwa na taa, nyekundu, buluu, zambarau, zinazunguka zenyewe ubavuni mwa boksi la kompyuta, na Bi Mwanjaa alipoziona akashika kiuno.

"Astaghfirullah! Mmeniletea baa sebuleni?"

Akaleta kitambaa cha kufuma, cheupe, kizito, chenye maua ya waridi pembeni, akalivika boksi zima. Kidawa akakivua. Mama akakivika.

"Mama, hii inapumua! Ukiifunika inapata joto!"

"Friji mbona nimeifunika na inatoa barafu?"

Ikawa ndio mtindo: binti anavua, mama anavika, binti anavua, mama anavika. Hakuna aliyekaa chini kulimaliza jambo lile.

Shindano likaanza. Kidawa akamtoa wa Mwanza, akamtoa wa Arusha, akamtoa wa Unguja aliyekuwa akijisifu sana. Akabaki mchezo mmoja tu kuifikia nafasi yake.

Wiki ile ya fainali, akiwa katika mazoezi, kompyuta ikazima yenyewe. Akaiwasha. Kesho yake ikazima tena, na safari hii ikatoa harufu. Je, alimwambia kaka yake? Hakumwambia! Hemedi alikuwa ameshaapa kwamba kompyuta ikileta matatizo tena ataichomoa kadi yake airudishe dukani. Je, aliwaambia wenye shindano? Walimpigia wenyewe, wakamwambia, "Dada, kama una wasiwasi na mashine yako, njoo uchezee ukumbini kwetu. Ukikatika katikati ya mchezo umefungwa, hatutasikiliza sababu."

Kidawa akajibu, "Yangu nzima kabisa."

Alitaka kuvibonyeza vitufe alivyovizoea. Alitaka ashinde nyumbani kwao, kwenye kompyuta ya baba yake, Hemedi aone. Namwelewa, na bado namkasirikia.

Ikafika Jumamosi ya fainali. Kidawa akakivua kitambaa, akavaa hedfoni, akakaa. Mechi ikawa ngumu, lakini dakika za mwisho akafunga, akawa mbele kwa bao moja.

Wakati huohuo ikabishwa hodi mlangoni. Wakwe! Mama na shangazi za msichana anayeposwa na Hemedi wamekuja kuiona nyumba, bila taarifa, wamejifunga kanga za doti. Bi Mwanjaa akatazama sebule yake, akaona boksi linametameta kwa mataa. Akamwonea Hemedi aibu. Hakutaka kumsumbua bintiye, kwa hiyo akanyata, akakiokota kile kitambaa, akalifunika boksi taratibu, akakinyoosha na maua yakae mbele. Kisha akawakaribisha wageni soda.

Kidawa hakuona, hakusikia. Aliona skrini tu. Na ghafla skrini ikawa nyeusi.

Akabonyeza. Nyeusi. Akabonyeza tena. Nyeusi. Harufu ya kuungua ikamjia puani, akageuka, akayaona maua ya waridi.

"Mama umeniua!" akapiga ukelele mbele ya wakwe. "Umeniua mimi!"

Wageni wakaacha soda zao nusu, wakaaga. Nafasi ikaenda kwa mwingine, kijana wa Dodoma ambaye alikuwa ameshaanza kulia akijua amefungwa.

Kesho yake akaitwa fundi. Akalifungua boksi, akasema, "Pawa saplai imeungua. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wake, joto likakosa pa kutokea. Na haiwezi kuwa ilianza jana. Hakuna mtu aliyenusa harufu?"

Wakatupiana macho. Fundi akaziona zile nyuso, akakusanya bisibisi zake haraka, chai hakusubiri.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Ni wewe, Kaka!" akasema Kidawa, amefura. "Uliambiwa pawa saplai, ukacheka! Ubishi wako ndio umeninyang'anya maisha yangu!"

"Mimi?" Hemedi akasimama. "Mimi niliyejinyima mpaka nikakuletea kadi? Bila mimi ungemfunga nani? Pawa saplai ileile imekufikisha fainali! Muulize mama yako na vitambaa vyake, tena vimenivunjia na posa!"

"Usininyooshee kidole, Hemedi!" Bi Mwanjaa akapiga paja. "Nilimfunikia nani aibu kama si wewe? Na huyu binti anayekaa nayo kila jioni, fundi kasema haikuanza jana, basi alinusa kuungua akanyamaza! Angesema, ningekitupa kitambaa jalalani kwa mkono wangu! Kaitwa ukumbini kwa simu nikisikia, kakataa kwa kiburi, halafu ananiita muuaji mbele ya watu!"

"Ningesema kwa nani, Mama? Kwa anayetaka kuichomoa kadi? Kwa anayelinganisha kompyuta na friji? Lini mlinisikiliza ndani ya nyumba hii?"

Na kweli, lini? Lakini na kweli, alinyamaza.

Chakula kikaiva, wali na samaki wa nazi, kikapakuliwa kwenye sinia moja. Na nyumba ile ina desturi aliyoiacha marehemu. Watu wakigombana, mwenye kosa ndiye hushika birika na kuwanawisha wenzake mikono kabla ya kula. Haambiwi neno, naye hasemi neno. Akishamwaga maji, yamekwisha, na hakuna anayelitaja jambo lile tena. Asiponyanyua mtu birika, hakuna anayekula.

Wakakaa. Birika liko katikati.

Hemedi akakunja mikono, akatazama dari. Bi Mwanjaa akauvuta ushungi wake, akatazama mlango. Kidawa akalitazama birika, machozi yakimtiririka kwa hasira. Wali ulikuwa unapoa. Alikuwa na njaa, na nafasi yake ilikuwa imekwenda Dodoma, na hakuna maji duniani ya kuirudisha. Akasema moyoni, mimi niliyepoteza kila kitu ndiye niwanawishe hawa? Kisha akaikumbuka ile harufu ya siku za mazoezi, na jinsi alivyofungua dirisha itoke, asije akainusa mtu.

Haya, nimemaliza yangu. Semeni ninyi, na asinijie mtu na maneno ya kusema wote watatu, kwa sababu birika lina mkono mmoja. Yupo aliyeonywa akacheka. Yupo aliyeambiwa inapumua akafunika. Yupo aliyejua akanyamaza. Je, nani alistahili kulinyanyua birika?