Kata ya Mlinzi wa Kisima

"Heri jembe lenye jasho kuliko kata yenye machozi." Hayo aliyasema mjomba wenu jana, dada yenu Merina alipotuambia kwamba ameacha kazi ya benki ili akafundishe watoto viziwi, nanyi mkabaki kutazamana. Leo mnakuja kuniuliza maana yake. Haya, kwanza sogezeni huo ungo wa karanga. Masikio yasikilize na mikono imenye. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Zamani katika nchi ya Ugogo, kwa Mtemi Chalula, kulikuwa na kisima kimoja tu kisichokauka kiangazi. Kilichimbwa kwenye mchanga wa korongo, na vijiji vitano vilikitegemea. Mlinzi wake aliitwa Ndahani. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha nyasi, kushika kata ya kibuyu, na kuwatekea watu maji kwa zamu, kata tatu kwa kila nyumba. Maji yalipoanza kutoka na tope, aliifudikiza kata, mdomo chini, juu ya jiwe. Kata ikishafudikizwa, hakuna wa kuigeuza mpaka alfajiri, hata awe ndugu wa mtemi. Wala haikuwa sheria mbaya, maana kisima kile kisipopumzika kilikuwa kinakufa.

Kwa kazi hiyo Ndahani alipata ng'ombe mmoja kila mwaka na mtama wa kujaza ghala, na mkewe, Sechelela, alichota kabla ya watu wote. Kulipwa kwa kukaa kivulini! Wako watu waliokuwa wakimwombea afe ili waipate kazi ile.

Sasa, siku moja mwishoni mwa kiangazi, kata imekwisha kufudikizwa, akafika mama mmoja kutoka vijiji vya milimani, mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka kwao kabla ya jua kuchomoza.

"Mama, kata imelala," Ndahani akamwambia. "Mpaka kesho."

Yule mama hakubishana. Alisema, "Baba, niruhusu niifute tu." Akashika ncha ya nguo yake, akaufuta mgongo wa ile kata, ulipobaki unyevu kidogo, akaitia ile ncha kinywani mwa mtoto. Mtoto akainyonya. Kisha mama akasema, "Asante, baba," akakaa pembeni kungoja kesho.

Ile asante ilimuumiza Ndahani. Alimwambia mkewe, "Angenitukana, ningelala." Kulipokucha alimtekea yule mama wa kwanza kabisa, halafu akaenda moja kwa moja kwa mtemi.

"Mtemi, naomba kuiacha kata. Nataka kwenda kuchimba kisima upande wa milimani."

"Umechimba visima vingapi maishani mwako?"

"Hata kimoja."

Mtemi akacheka, lakini si kwa ubaya. "Usiache mbachao kwa msala upitao, Ndahani. Haya, nenda. Kata yako nitaitundika mlangoni kwangu mwaka mmoja; kijana wangu atawatekea watu kwa kata nyingine. Ukishindwa, irudie. Mwaka ukiisha, nampa mwingine."

Sechelela aliposikia alimwuliza mumewe kama watoto wanne watakula kifusi, kisha hakusema naye siku tatu. Simlaumu, na ninyi msimlaumu. Kuwa na mume mwenye moyo mzuri ni jambo jema, lakini moyo haupikwi.

Ndahani akaenda milimani na jembe lake. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe likawa linaruka. Basi akaona heri asubiri mvua zilainishe udongo, na kweli, mvua zilipokolea alichimba kwa urahisi. Alipofika pima nne, maji yakabubujika! Watu wa milimani walipiga vigelegele, ngoma ikachezwa, hata Sechelela akacheka. Lakini kiangazi kilipoingia, yale maji yakaanza kushuka kidogo kidogo, na kabla mtama haujaisha kupurwa shimo lilikuwa limekauka kabisa. Akina mama wa milimani wakairudia ile njia yao ndefu. Watoto waliokuwa wakimwamkia Ndahani kwa heshima sasa walimwita Mchimba Shimo.

Nyumbani kwake ghala lilikuwa tupu. Sechelela naye akawa anapanga foleni kisimani kwa mtemi kama wengine. Mara mbili kata ilifudikizwa akiwa amebakiza watu watatu tu mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Mwaka ukatimia. Mtemi akamtuma Chibago, kaka yake Sechelela, kuipeleka ile kata.

"Shemeji, mtemi ana huruma," Chibago akasema. "Ukiipokea, kesho unarudi kazini kwako. Ukiikataa, kesho anapewa mwingine, na hilo halirudi tena."

Ndahani akanyoosha mkono aipokee. Ndiyo, alinyoosha mkono! Alikuwa amechoka, na watoto wake walikuwa na njaa. Lakini Sechelela akaiwahi kata.

"Mume wangu, wewe ulichimba mvua, hukuchimba kisima," akasema. "Ulikwenda ardhi ikiwa imelewa. Maji ya kweli hutafutwa sasa, yakiwa yamejificha chini kabisa. Ukiyakuta sasa, hayatakukimbia tena."

"Dada, na watoto wale nini?" Chibago akauliza.

"Kile walichokula jana. Kidogo." Alijua anachokisema; akaitia ile kata mikononi mwa Chibago. "Kaka, miaka yote nilichota wa kwanza, nikaondoka. Sikuwahi kuzitazama nyuso za walio nyuma. Mwaka huu nimesimama nao. Mrudishie mtemi kata yake, na umwambie tunamshukuru sana. Lakini heri jembe lenye jasho kuliko kata yenye machozi."

Chibago akaondoka nayo akitikisa kichwa. Sechelela akatafuta kamba na kikapu.

Walirudi kwenye shimo lile lile, Ndahani chini na jembe, Sechelela na binti yao mkubwa juu wakivuta udongo. Jua lilikuwa kali na ardhi ngumu kuliko mwaka uliopita. Kwenye pima ya saba walikutana na mwamba, wakauzunguka. Mikono ya Sechelela ikachubuka, akaifunga matambara, akaendelea kuvuta. Watu wa milimani walikuja kutazama, wakaona aibu, wakaanza kuleta viazi na kushika kamba. Siku ya kumi na tisa kikapu kikapanda na udongo wa baridi. Sechelela akauweka shavuni, akalia mbele za watu wote bila kujificha.

Kesho yake maji yalikuwa yamefika magotini. Watu walichota tangu asubuhi hadi jioni, na tope halikutokea. Na mvua zilikuwa bado hazijanyesha hata tone.

Msidhani Ndahani alitajirika. Ng'ombe wa kila mwaka hakurudi, na mpaka anazeeka hakuwa na zizi. Alipoulizwa kama alijuta, alisema alijuta mara nyingi, hasa njaa ilipobana. Lakini hakuishika kata tena, na visima alichimba vitatu vingine, vyote mwishoni mwa kiangazi.

Siku ile ya kwanza maji yalipopatikana, watu walipofika na vibuyu vyao, walijipanga mstari, kwa kuwa ndivyo walivyozoea. Bibi mmoja aliyekuwa mbele akauliza kwa woga, "Anayeshika kata hapa ni nani?"

Ndahani alikuwa na udongo mpaka kwenye kope. Akamjibu, "Hapa hakuna kata, bibi. Teremsha kibuyu chako."

Yule bibi akateremsha kibuyu chake mwenyewe, akakivuta kimejaa, na Sechelela aliyekuwa kando yake akasikika akisema tena, safari hii akicheka: "Heri jembe lenye jasho kuliko kata yenye machozi."