Uji Uliomwagwa Nyuma ya Ghala

Kaeni, wapendwa. Na ninyi wa viti vya nyuma, sogeeni mbele, nafasi zipo. Leo nataka niwasimulie habari ya sufuria ya uji.

Walikuwako akina mama waliokuwa wakichambua kahawa katika ghala moja. Kazi ile mnaijua, wengine mmeifanya. Mama anakaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, kahawa imemwagwa mbele yake, naye kutwa anaokota punje mbovu: iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, iliyoingia weusi. Punje inayomtia shaka haitupi hivi hivi. Anaiinua, anaigeuza upande wa pili, ndipo anaamua. Shikeni hapo, tutaparudia.

Saa nne walikuwa wakipumzika kunywa uji. Walikuwa na utaratibu wao: leo zamu ya huyu, kesho ya yule. Mwenye zamu analeta unga na kupika, wengine wanakuja na vikombe tu. Basi mama mmoja zamu yake ikafika. Huyu mama alikuwa na sifa ya kupika uji, na hiyo sifa aliipenda, tusimfichie. Siku hiyo alipika uji wa ulezi, akatia karanga za kusaga, akakamulia ndimu. Kila aliyeonja alimsifu. Kikombe cha kwanza kabisa alimpa mwenzake, yule aliyekuwa akikaa naye gunia moja tangu walipoanza kazi, ambaye walikuwa wameuguziana watoto na kuzikiana wazee.

Kidogo akaenda nyuma ya ghala kumwaga majivu. Akamwona yule mwenzake amesimama peke yake kando ya ukuta, anatazama ndani ya kikombe. Akamwona anamwaga uji wote chini, anausukumia udongo kwa mguu, anafuta midomo kwa kanga, anarudi kwa wengine. Basi. Hakuna kingine kilichotokea.

Mama akabaki amesimama na majivu yake. Hebu niambieni, ungekuwa wewe? Mtu anamwaga chakula chako kwa kujificha, halafu anafuta midomo kama aliyekunywa! Na kwetu hapa mnajua hilo linavyochukuliwa. Mtu hamwagi chakula cha mwenzake ila anaogopa kilichotiwa ndani. Moyo ulimuuma yule mama, ulimuuma kweli. Akasema kimoyomoyo, "Kumbe miaka yote hii ananiona mchawi."

Angeweza kumuuliza. Walikaa gunia moja, magoti yanagusana! "Mwenzangu, vipi?" Basi, yangetosha. Hakuuliza. Alichambua kahawa kimya, na yule mwenzake alipomwambia, "Mbona leo umenuna?" akajibu, "Kichwa tu." Lakini jioni, njiani na mama mwingine, kichwa kilipona na mdomo ukafunguka.

"Nikwambie kitu, lakini kiishie hapa hapa."

"Mimi tena! Niambie."

Wapendwa, ni neno gani limewahi kuishia hapa hapa? Kesho yake ghala zima lilijua. Na lilipofika kwa yule wa mwisho lilikuwa limetiwa chumvi ya kutosha: sasa mchawi ni yule aliyemwaga, eti kabla ya kumwaga alinuia maneno, eti si mara ya kwanza, eti ndiyo maana mtoto wa fulani haponi.

Zamu ya yule mwenzake ikafika. Akapika. Akaipua sufuria, akaiweka katikati, akashika upawa. "Karibuni jamani, uji tayari."

Hakuna aliyenyoosha kikombe.

Akadhani hawakusikia. "Jamani, unapoa."

Mmoja akasema, "Tumeshiba." Watu waliotoka nyumbani alfajiri na mapema, hawajatia kitu kinywani, wameshiba! Akamgeukia mwenzake wa gunia moja.

"Na wewe pia?"

Naye akainamia kahawa yake. "Mimi leo tumbo linanisumbua."

Mwenye zamu hakugombana na mtu. Alingoja uji upoe, akafunika sufuria, akajitwika ikiwa imejaa vile vile, akaondoka. Uji ulimchuruzika mpaka shingoni na hakuinua mkono kuufuta. Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa. Na wale waliobaki walisemaje? "Mnaona? Mtu asiye na neno hakimbii."

Msimu ukaisha, mwingine ukaingia. Mama yetu, yule wa uji wa karanga, akaona hata uji wake mwenyewe umekosa ladha, na upande wa pili wa gunia hakuna wa kumwambia neno. Mwisho akafunga safari mpaka nyumbani kwa mwenzake. Akamkuta uani anapukuchua maharage. Akakaribishwa vizuri, akapewa kigoda, akapewa na kikombe cha uji, maana mgeni hakai mikono mitupu. Kikombe kikiwa mkononi, ndipo akauliza.

"Mwenzangu, ile siku ulipomwaga uji wangu nyuma ya ghala, nilikuwa nimekukosea nini?"

Yule mama akakunja uso. "Nilimwaga uji wako? Siku gani?"

"Siku ile ya karanga. Nilikuona kwa macho yangu."

Akafikiri sana. "Labda nzi aliingia. Au nilikuwa na kichefuchefu. Sikumbuki, mwenzangu, kweli tena sikumbuki." Kisha akaweka chini ungo wa maharage. "Lakini siku niliyoshika upawa nikangoja vikombe vyenu, hiyo naikumbuka. Na chako ndicho nilichokuwa nakingoja."

Mama yetu akaunywa ule uji na machozi yake ndani yake. Lakini yule mwenzake hakurudi tena ghalani.

Sasa, wapendwa, nawaona mlivyokaa. Mnangoja niwaambie kwa nini aliumwaga. Mnaona? Mama wa watu amefukuzwa kwa kunyamaziwa, na sisi bado tunatafuta habari za uji! Mimi sijui kwa nini aliumwaga. Mungu anajua, wala hakutuomba tumsaidie kujua.

Punje ya kahawa waliigeuza upande wa pili kabla ya kuitupa. Punje! Mwenzao, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, hawakumgeuza hata mara moja. Na sisi humu je? Tumemwona mtu ametoka kabla ya baraka, tukajua sababu. Tumemwona mjane anacheka matanga hayajapoa, tukajua sababu. Fulani hakufika mazishini, sababu tukaijua sisi kabla yake mwenyewe. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, lakini kwa jirani tunaona heri tujue bila kuuliza.

Mwanzoni niliwaambia msogee mbele, nafasi zipo. Kuna aliyejiuliza nafasi hizo zimetoka wapi? Hapa mbele walikuwa wanakaa watu. Mnawajua kwa majina, na nyumba zao hazipo mbali. Wakati wa kuwauliza ulikuwa siku ile, tulipokuwa gunia moja, nasi tukaupitisha. Leo ukitoka hapa, kabla hujafika kwako, pita kwa mmoja wao. Usiende kumhoji alifanya nini. Bisha hodi, ukae, na akikuuliza kilichokuleta, mwambie umekuja kunywa uji.