Firigisi Moja, Vidude Viwili

Naomba radhi mapema. Anayeijua vizuri hadithi hii ni mke wangu, na kwa sasa hana hamu ya kusimulia chochote kinachonihusu. Kwa hiyo mtaisikia kwangu, na mimi nasimulia kama ninavyoendesha gari: kasi pasipotakiwa, halafu breki za ghafla. Kaeni vizuri, mshikilie viti.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, trafiki walipokwisha kupata tochi za kupimia mwendo, palikuwa na mwanamume mmoja wa Morogoro, mnene kiasi, mwenye domo kupita kiasi, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa mzito kuliko kichwa chake. Mwanamume huyo ni mimi. Nilipigwa tochi Dumila. Nikapigwa tochi Gairo. Nikapigwa tochi nikiwa njiani kwenda kulipia tochi.

Mke wangu Yudita alivumilia. Gari lilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo kila kosa alikuwa analisoma kwenye simu yake kabla sijafika nyumbani na uongo wangu. Halafu siku moja nikaruka tuta bila kuliona, naye amekaa nyuma amepakata trei ya mayai. Alishuka ute wa yai ukimtiririka mpaka kidevuni, akasema, "Baba Tulizo, mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na kombora." Akapanda basi, akaenda kwao Kibaigwa.

Zikapita wiki tatu. Nilikula wali wa kuungua mpaka nikauzoea. Ndipo baba mkwe, Mzee Chibago, akapiga simu.

"Njoo Jumamosi umchukue mkeo. Lakini nisikilize, mwanangu. Ukipigwa tochi hata moja njiani, geuza palepale. Usifike kwangu. Yudita ataona kwenye simu."

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angepunguza mwendo. Mimi nikaenda kutafuta kidude.

Kuna vidude fulani, unaweka kwenye dashibodi. Tochi ikiwa mbele, kinalia pii-pii-pii kabla trafiki hajakupima. Rafiki yangu Mkude, fundi umeme wa magari, alikuwa nacho cha waya, kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Rafiki yangu mwingine Hamduni, muuza simu, alikuwa nacho kisicho na waya, kinachotumia betri.

"Chukua cha waya," alisema Mkude. "Injini ikiwaka, nacho kiko macho. Hakisinzii."

"Waya!" Hamduni alicheka. "Umfunge mwenzio waya kama mbuzi wa mnadani? Changu unakibandika tu, dashibodi safi kama ya waziri."

"Na betri ikiisha?"

"Na waya ukichomoka?"

Nikashindwa kuchagua. Nikavichukua vyote viwili. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kukiacha kidude chake peke yake na cha mwenzake, nikawachukua na wenyewe. Ukweni nikaenda na ujumbe kamili, kama napeleka posa upya.

Tukaondoka. Mguu wangu mnaujua.

Kijiji cha kwanza, kibao cha hamsini, mimi niko mia na kitu. Cha Hamduni kimya. Kumbe kilikuwa kimejizima kuokoa betri. Cha Mkude kikalia pii-pii-pii! Nikakanyaga breki. Tukapita mbele ya trafiki taratibu kama maharusi. Mkude akajipiga kifua. "Nani kakuokoa?" Nikasema, "Wewe, fundi."

Tukaendelea. Simu yangu ikakaribia kuzimika, nami nilikuwa nangoja simu ya ukweni. Nikauchomoa waya wa Mkude, nikachomeka chaja. "Unafanya nini wewe!" Mkude akapiga kelele. Nikamwambia dakika tano tu. Kijiji cha pili, kibao cha hamsini, mimi niko mia na kitu. Cha Mkude kimya. Kitalia kwa umeme gani? Cha Hamduni kikalia pii-pii-pii! Nikakanyaga breki. Tukapita kama maharusi. Hamduni akajipiga kifua. "Nani kakuokoa?" Nikasema, "Wewe, bosi wangu."

Tukaendelea. Nikaurudisha waya wa Mkude kwa haraka, kwa nguvu, kwa jazba. Ta! Fyuzi ikaungua. Muda huohuo cha Hamduni kikatoa mlio mmoja wa huzuni, betri ikaisha. Kibaigwa iko mbele, kibao cha hamsini, mimi niko palepale pa siku zote, na vidude viwili vimelala kama watoto wachanga.

Mbele yangu, katikati ya lami, punda watatu wenye madumu ya maji. Wamesimama. Nikapiga honi. Mmoja akageuza kichwa, akanitazama kwa dharau. Bibi mmoja mwenye fimbo akawasukuma, wakaanza kutembea, lakini barabara hawakuniachia. Nikawafuata kwa mwendo wa punda, natukana moyoni. Baada ya hatua mia mbili hivi, nani amesimama kando na tochi mkononi? Trafiki. Akatupungia mkono. Tukampungia.

Tukafika, na simu ya Yudita ilikuwa safi.

Kuku alikuwa ameshaiva. Mzee Chibago akaweka sahani ndogo katikati ya mkeka, na juu ya sahani firigisi, moja tu. "Hii si ya mkwe leo," alisema. "Ni ya aliyemfikisha mkwe."

"Basi ni yangu, mzee," alisema Mkude. "Bila mimi angegeuzia kijiji cha kwanza. Huyu mwenzangu angemwokoa wapi?"

"Wewe ulimwacha njiani!" alisema Hamduni. "Mimi nilimpokea ukiwa umechomolewa. Bila mimi angegeuzia cha pili."

Mara hodi. Anaingia bibi wa punda, Bibi Mazoya, jirani yao, kaleta maji ya kunawa. Tukamwamkia, akaelezwa kesi. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Vyenu vilikuwa vimekufa," alisema. "Punda wangu walikuwa hai. Nipeni firigisi nikatafune kwa niaba yao."

"Bibi, punda hawakukusudia!" alilia Mkude. "Walisimama kwa sababu ni punda!"

"Na chako kililia kwa sababu kina huruma?"

Ndipo Yudita, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akasema, "Baba, amua vizuri, maana mimi naangalia firigisi inakokwenda. Ikienda kwa kidude, cha waya au kisicho na waya, sanduku langu silifungi. Nitakuwa nimefuatwa na kidude, si na mume."

"Na ikienda kwa punda?" nikauliza.

"Nitafikiria."

Mzee Chibago akashika ndevu. Hakuamua. Akaniambia niwaulize watu wenye akili zao, nirudi na jibu. Basi nawauliza, na mjue Yudita bado yuko Kibaigwa anangoja. Wa waya, aliyenusa tochi wa kwanza? Asiye na waya, aliyenusa mwenzake akiwa amechomolewa? Au punda, ambao hawakunusa kitu? Je, nani alistahili ile firigisi?

Semeni, lakini msiniulize iko wapi. Mzee alipogeuka kuichukua alikuta sahani tupu. Wao walikuwa wanabishana, na mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa na haraka.