Tandi wa Chilinde

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hapakuwa na sauti ya kushindana na ya Odette. Alikuwa binti wa Fizi, huko Kongo, aliyeingia Malawi angali mgongoni kwa shangazi yake Louise, fundi wa nguo sokoni. Alipoanza kuimba kanisani, hata waliokuwa wakisinzia walijiweka sawa. Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu: hakuwa na rekodi hata moja. Kuingia studio, jina lake likaandikwa juu ya diski, hiyo ndiyo ndoto aliyolala nayo na kuamka nayo.

Mwaka 2015 televisheni moja ya Lilongwe ilitangaza shindano la waimbaji. Watazamaji wangepiga kura kwa simu, na mshindi angerekodiwa albamu nzima bure. Odette akachaguliwa kushiriki. Siku ya onyesho watu wa Dzaleka walijazana kwa Sylvain, kinyozi mwenye televisheni, kila mmoja simu mkononi, wakimngoja mtoto wao.

Basi sikia kosa alilolifanya. Mjini alikuwa amezoea kusikia wakimbizi wakisemwa vibaya, akaingiwa na aibu, na woga juu yake. Mtangazaji alipomuuliza jina na kwao, alijibu kwa Kichewa kilichonyooka kuwa anaitwa Tandi, mzaliwa wa Chilinde, mtaa wa hapo hapo Lilongwe.

Odette aliimba vizuri, tena vizuri mno, lakini kinyozini simu zilirudi mifukoni moja baada ya nyingine. Huko Chilinde nako watu waliulizana: Tandi gani huyo, binti wa nani? Hakuna aliyemjua. Masikini Odette, akashika mkia.

Alirudi kambini kichwa chini. Mama Annie, muuza nyanya, hakumwonea haya.

"Karibu, mugeni wa Chilinde," alimwambia mbele ya wateja. Wakacheka. Tangu siku hiyo Odette hakuimba tena hata kanisani.

Mwaka uliofuata, televisheni ile ile ikatangaza kwamba tamasha la shindano hilo litafanyika na kurushwa kutoka Dzaleka kwenyewe, kwa zawadi ile ile. Odette akakataa katakata kujiandikisha.

"Tantine, bantu bananichukia," alimwambia shangazi yake.

"Hapana. Bamekukasirikia," Louise akajibu, akikata uzi kwa meno. "Mutu hawezi kasirikia mugeni. Bamekukasirikia juu we ni mutoto wabo. Enda ubaambie ukweli."

"Na bakinizomea?"

"Bakizomea, we imba tu. Mi niko pale."

Siku ya tamasha uwanja ulifurika. Odette alipanda jukwaani. Hakungoja kuulizwa neno.

"Mi njo Odette," alisema. "Nilizaliwa Fizi, nimelelewa hapa Dzaleka. Mwaka jana nilisema mi ni wa Chilinde. Nilidanganya, nikakana bantu bangu. Munisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Akaanza wimbo alioutunga mwenyewe, wa wanawake wanaopanga ndoo bombani alfajiri, wakigombana na kuchekeshana hadi maji yatoke. Ubeti wa kwanza ukapita, uwanja umenuna. Ubeti wa pili, Mama Annie akasogea mbele, akafungua kitenge alichojifunga juu ya nguo, akakitandika vumbini chini ya jukwaa. Wanawake wa kwao Kongo humtandikia hivyo bibi harusi, au askofu, asikanyage vumbi.

"Shuka, mutoto," akasema. "Pita hapa."

Wa pili akatandika chake, na wa tatu, na Louise, mpaka vitenge vikakata uwanja kama njia. Odette alishuka, akatembea juu yake akiimba na machozi yakimtoka, na uwanja mzima ukapokea kiitikio. Kamera zikamfuata hatua kwa hatua.

Kura zilipigwa Dzaleka hadi mtandao ukazidiwa. Zilipigwa hata mtaa wa Mtandire, Lilongwe, ambako watu wa kambini huuza bidhaa zao. Matokeo yalipotangazwa, Odette aliwaacha wenzake mbali. Alirekodi albamu yake Lilongwe, na juu ya diski yakaandikwa maneno aliyoyachagua mwenyewe: Odette wa Dzaleka. Sauti ilikuwa ile ile ya mwaka uliopita, ila safari hii ilikuwa na wenyewe. Hakika, mcheza kwao hutunzwa.