Nguchiro na Boneti Iliyopigwa Lakiri

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama waliendesha magari na kulipana kwa mayai, aliishi Nguchiro na mkewe Siwatu, watoto wao saba, na mama yake mzazi ambaye miguu ilimvimba hata kutembea hawezi.

Nguchiro ni mnyama mdogo, wanangu, mwili wake kama soksi. Lakini nyumba yake imejaa. Ndiyo maana alinunua gari la familia, lile pana lenye safu tatu za viti na mlango wa kusukuma pembeni, shwaaa! Kila Jumatatu alimpakia mama akampeleka kliniki, ng'ambo ya kilima. Bila gari, mama haendi. Asipoenda, miguu inajaa maji na pumzi inambana.

Gari hilo alilinunua kwa Kiboko, kule bondeni karibu na mto. Duka la magari lilikuwa la Kiboko, na gereji ilikuwa yake pia. Siku ya kuuza, Kiboko alibandika lakiri nyekundu, ile nta ya kupigia muhuri, kwenye ukingo wa boneti, akaigandamiza kwa kidole gumba, paa!

"Bwana mdogo," akasema, "hii usiivunje. Ukiivunja, dhamana imekufa. Humo ndani wanaingia wataalamu tu."

Na wanyama wote walitii! Hakuna aliyewahi kufungua boneti ya gari lake. Walizionea fahari lakiri zao. Siku za sikukuu walizipaka mafuta zing'ae.

Basi gari la Nguchiro likaanza kuchemka. Mara ya kwanza akalipeleka kwa Kiboko. Kiboko akaweka kisikio chake kidogo juu ya boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Pampu." Nguchiro akalipa. Mara ya pili: "Pampu nyingine." Akalipa. Mara ya tatu: "Hedi ya injini." Siwatu akauza kitanda cha wageni, wakalipa.

Jumatatu moja, hawajafika hata nusu ya mlima, fuuuu! Mvuke ukatoka kila upande. Mama yuko kiti cha nyuma, miguu kama magunia, anavuta uradi kimyakimya. Kliniki haikufikiwa siku hiyo.

Kiboko akaja mwenyewe hadi kando ya barabara. Akaweka sikio. Akapumua kama anayetoa rambirambi.

"Limekufa, bwana mdogo. Niuzie mimi kama chuma chakavu. Nitakupa trei mbili za mayai, kwa kuwa nakuonea huruma."

"Trei mbili? Na mama yangu nimbebe mgongoni?"

"Mgongo ni wako," akajibu Kiboko, akaenda zake, dupu, dupu, dupu.

Watoto wakalisukuma gari hadi nyumbani. Nguchiro akabaki amesimama mbele ya boneti, manyoya yamemsimama mkia mzima. Akaingia jikoni, akatoka na kisu alichokipasha moto.

"Baba Mize, unafanya nini?" Siwatu akauliza.

"Naivunja."

"Na dhamana?"

"Dhamana ya nini, mke wangu? Tumechemka mara nne! Bismillahi."

Akaibandua lakiri taratibu kwa kisu cha moto, ikatoka nzima. Boneti ikafunguka, kwiiiiii! kama mlango ambao haujafunguliwa miaka.

Kwanza hawakuelewa. Halafu Mize, binti mkubwa, akanyoosha kidole. "Baba, tazama pampu."

Juu ya pampu ile iliyobadilishwa mara mbili kulikuwa na nyumba ya nyigu. Nyumba ya udongo, kavu, ya zamani, imeshikamana na bolti zote nne. Hakuna spana iliyogusa pale tangu gari litoke dukani. Hedi nayo, kile kichwa cha injini, ilikuwa imefunikwa na utando wa buibui. Na chini, mpira mmoja wa maji, mwembamba kama mkono wa mtoto, ulikuwa umepasuka. Maji yalikuwa yanavuja tone, tone, tone.

"Mpira," akasema Siwatu. "Ni mpira tu! Sokoni unauzwa mayai mawili!"

Nguchiro akakaa chini kwenye vumbi. Alitaka kulia, akaona hasira imekausha machozi.

"Na mimi nina kosa," akasema. "Gari langu mwenyewe, nimeipaka mafuta lakiri yake mwaka mzima, na kuongeza maji sikujua. Niliona uvivu. Niliogopa. Nikasema wataalamu wanajua. Mungu anisamehe, kwa uvivu wangu mama amekosa dawa."

"Kosa lako utalitubia," akasema Siwatu, "lakini la Kiboko je?"

"Naenda kumng'ata!"

"Utamng'ata wapi? Ngozi ile? Atasema umevunja lakiri, na nyigu umewaweka wewe. Nani atakusadiki?"

Nguchiro akaitazama injini. Akautazama mteremko unaokwenda moja kwa moja hadi bondeni. Akawatazama watoto wake saba. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mize, injini inalia vipi?"

"Ngrrrrrr," akasema Mize.

"Nyinyi pacha?"

"Puku-puku-puku-puku!"

"Leteni kamba," akasema Nguchiro.

Siku mbili walifanya kazi. Walisimamisha magogo matatu, wakafunga kamba, wakaing'oa injini yote, hii hoo! hii hoo! wakailaza uani juu ya jamvi. Alhamisi asubuhi watoto saba wakaingia mahali pa injini, wakajipanga kama ndizi kwenye chane. Boneti ikafungwa. Lakiri ikapashwa moto, ikarudishwa palepale.

"Msicheke," akaonya Nguchiro. "Nikigonga mara moja, washeni. Nikigonga mara mbili, zimeni. Na mimi natubu kabisa mapema, maana leo nitasema mambo ya ajabu."

Akaachia breki. Gari likateremka lenyewe, wiiiii, hadi mlangoni kwa Kiboko.

Wateja wengine walikuwepo kwenye benchi. Bi Mbuni alisubiri gari lake wiki ya pili. Mzee Nyumbu alikuwa ameambiwa giaboksi yake imeoza. Walikuwa wanakunywa chai, kwa sababu mteja haruhusiwi kupita nyuma ya mabati. Huko nyuma ndiko kwenye kazi, na kazi yenyewe mteja huisikia tu: ngo! ngo! ngo!

"Umekuja kuuza?" akauliza Kiboko, anafuta mdomo.

"Sijaamua, bosi," akasema Nguchiro. "Sikiliza mara ya mwisho. Kama linatengenezeka, nitalipa. Nimekuja na trei kumi."

Macho ya Kiboko yakafunguka. "Washa nisikie."

Nguchiro akagonga dashibodi, ko!

"Ngrrrrrr! Puku-puku-puku-puku!"

Kiboko akaweka sikio. Ndani, kitinda mimba akashindwa kuzuia kikohozi. "Kho! Kho!"

"Umesikia?" akasema Kiboko. "Hizo ni plagi."

Mwingine akapiga chafya. "Chyaa!"

"Pampu hiyo. Imekufa tena."

Mmoja akaanza kwikwi. "Hik! Hik!"

"Aa, na giaboksi. Pole sana, bwana mdogo."

Ko, ko. Kimya.

"Hufungui boneti ukaona?" akauliza Nguchiro.

"Nifungue ya nini? Mimi naona kwa sikio. Wanaofungua ni wanafunzi."

Akalisukuma gari kwa tumbo hadi nyuma ya mabati. "Mbona jepesi leo?"

"Limekonda, bosi. Shida."

Nguchiro akakaa kwenye benchi. Bi Mbuni akammiminia chai. Hakuinywa. Nyuma ya mabati, ngo! ngo! ngo! Muda ukapita. Ngo! ngo! Mzee Nyumbu akasema, "Fundi anapiga kazi." Nguchiro akauma kikombe hadi kikapata ufa.

Mwishowe Kiboko akatoka anasukuma gari, amejipaka oili mikononi. Mkononi ameshika pampu iliyoliwa na kutu.

"Pampu yako ndiyo hii. Itazame ilivyooza."

Bi Mbuni akanyoosha shingo. "Ee! Mbona inafanana na yangu uliyonionyesha?"

"Pampu mbovu zote zinafanana, mama. Kunywa chai." Kisha kwa Nguchiro, "Nimeishusha injini yote chini. Nimeiosha, nimeifunga upya. Imekaa humo kama bibi harusi. Lete trei."

"Umeishika kwa mikono yako?"

"Hii miwili."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Kwa nini unanihoji? Nimeiona!"

Nguchiro akasimama. Hadi hapo moyo wake ulikuwa unampa Kiboko nafasi ya kusema ukweli. "Apa," akasema.

"Wallahi," akasema Kiboko, bila hata kumeza mate. "Mungu shahidi wangu, injini ninaiacha humo, nzima, nzuri."

Lo! Hapo ndipo hasira ya Nguchiro ilipopanda juu ya mabati. Pesa ni pesa, mayai ni mayai, lakini jina la Mungu pia?

"Sikieni nyote!" akapiga kelele. "Amekula kiapo!" Akarukia boneti, akaing'oa lakiri kwa meno, krak!

"Umeua dhamana!" Kiboko akanguruma. "Mmemwona! Ameua—"

Boneti ikafunguka. Watoto saba wakaruka nje, mmoja baada ya mwingine, pyu! pyu! pyu! wamejaa vumbi na kwikwi. Na nyuma yao, hakuna kitu. Shimo tupu. Ardhi inaonekana.

Mzee Nyumbu akachungulia. Akachungulia tena. "Bibi harusi yuko wapi?"

"Ameniibia!" Kiboko akajaribu. "Ameitoa injini njiani!"

"Injini ipo kwangu, juu ya jamvi, tangu jana," akasema Nguchiro. "Sasa niambie uliyoiosha ni ya nani!"

"Na mimi nilichungulia kwenye tundu la mbele!" Mize akadakia, amekasirika kuliko baba yake. "Alikuwa amekaa anakula tikiti! Mkono mmoja tikiti, mkono mmoja nyundo, anagonga pipa tupu! Ngo, ngo, ngo! Pipa!"

Mara, krak! Bi Mbuni amepita nyuma ya mabati, amevunja lakiri ya gari lake. Krak! Mzee Nyumbu naye. Ndani ya la Bi Mbuni, panya amezaa. Kwenye la Mzee Nyumbu, giaboksi aliyoambiwa imeoza inang'aa, waya mmoja tu umechomoka.

"Kumbe waya!" Mzee Nyumbu akafoka, anakwaruza ardhi kwa kwato. "Mke wangu anatembea kwa miguu mwezi mzima kwa sababu ya waya!"

Kiboko akarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, kuelekea mtoni. Lakini pembe za Nyumbu zilikuwa upande ule, na teke la Mbuni, mnalijua.

"Unakwenda wapi, fundi?" akauliza Nguchiro. "Gari langu halina injini, na kwangu ni juu mlimani. Ulisema mgongo ni wangu. Leo ni wako."

Akafungua ule mlango wa pembeni, shwaaa! Watoto wakapanda. Akamkaribisha Bi Mbuni mbele. Yeye akashika usukani.

"Sukuma!"

Kiboko akasukuma. Jua la saa saba, mlima wote, jasho linamtiririka, hhee! hhee! na wanyama wametoka majumbani wanatazama. Kila alipotaka kupumzika, Mzee Nyumbu alimkumbusha kwa ncha ya pembe. Alipofika uani akaanguka kifudifudi kando ya jamvi, pua yake imekaribia kabisa ile nyumba ya nyigu juu ya pampu.

Mama mzee akamtazama kutoka barazani.

"Mpeni maji," akasema. "Kisha arudishe alivyochukua kwa watu, wote, leo hii."

Nguchiro alitaka kukataa. Lakini ni mama aliyesema, basi akayaleta maji mwenyewe. Kabla jua halijatua, Kiboko alikuwa amerudisha mayai ya kila mtu. Jumamosi wakafunga mpira mpya, injini ikarudi mahali pake, na Jumatatu mama alifika kliniki saa mbili asubuhi, wa kwanza kwenye foleni.

Nami kisa changu nakitua hapa, wanangu, na funzo lake ni hili: anayekukataza kuangalia kilicho chako, muulize kwanza anaficha nini.